Kuijua Stempu Njema: Waraka kwa Wakusanyaji wa Korogwe na Handeni

Msimu mmoja wa vuli alinijia nyumbani Manundu, hapa Korogwe, kijana wa kutoka Chanika, Handeni, amebeba daftari la shule ambalo kila ukurasa wake ulipambwa kwa stempu kongwe zilizopangwa safu kwa safu, na baada ya kunipa shikamoo na kuketi akanieleza kwa furaha kubwa kuwa alizipata katika sanduku la bati la marehemu babu yake, zikiwa bado zimeganda juu ya bahasha chakavu. Kwamba alizibandua moja baada ya moja kwa maji ya vuguvugu, akazisugua migongo kwa sabuni, akazianika juani mpaka zikakauka. Na zile bahasha, maadamu hazikuwa na faida tena, mama yake akawashia moto wa chai. Nilizitazama kwa muda mrefu nisiweze kusema neno. Miongoni mwake mlikuwa na stempu tatu za heller saba na nusu zenye picha ya jahazi la Kaizari, na juu ya mojawapo kipande cha muhuri wa posta kilikuwa bado kinaonyesha herufi nne za mwisho za jina la Korogwe, ilhali herufi za mwanzo, na tarehe, na jina la mtu aliyeandikiwa, vyote vilikuwa vimekwenda jikoni.

Sikumlaumu, kwani hakuna aliyemfundisha, na mimi mwenyewe katika ujana wangu niliharibu kwa namna hiyo hiyo zaidi ya alivyoharibu yeye. Lakini tangu siku ile najiona nina deni, nalo ni kueleza kwa lugha yetu namna ya kuitambua stempu kongwe iliyo njema, maana vitabu vya fani hii aghalabu vimeandikwa kwa Kijerumani na Kiingereza, na walioviandika waliishi katika nchi za baridi ambako karatasi haiijui masika wala haimjui mchwa. Wema wa stempu uko katika uzima wake kabla ya usafi wake. Na uzima maana yake ni kwamba haikuongezwa kitu wala haikupunguzwa kitu, kwa hila wala kwa nia njema, tangu siku ilipomaliza kazi iliyochapiwa. Mwenye kulishika hilo atakosea mara chache, hata kama hajui bei za katalogi.

Stempu zinazohusu bonde letu si nyingi kwa jinsi, na mtu mwenye subira ataweza kuzijua zote. Wadachi walifungua posta zao za kwanza Dar es Salaam na Bagamoyo mwaka 1890, wakatumia kwanza stempu za kwao Ujerumani bila ya kuziandika lolote. Mwaka 1893 wakazipiga juu maandishi ya thamani kwa pesa, yaani pesa 2, 3, 5, 10 na 25, kwa kuwa fedha iliyokuwa ikitembea huku ilikuwa rupia, na rupia moja ilikuwa na pesa 64. Mwaka 1896 wakaongeza juu yake jina la koloni. Na kati ya mwaka 1900 na 1901 wakaleta toleo jipya lenye picha ya Hohenzollern, jahazi la Kaizari Wilhelm wa Pili, zile ndogo za pesa zikiwa zimesimama wima na zile kubwa za rupia 1, 2 na 3 zikiwa zimelala kwa upana. Mwaka 1904 hesabu ya fedha ikabadilishwa, rupia ikagawanywa kwa heller 100, na mwaka 1905 stempu ndogo zikachapwa upya kwa heller 2½, 4, 7½, 15, 20, 30, 45 na 60, huku zile za rupia zikibaki na maandishi yake, kwani rupia yenyewe haikubadilika jina. Msomaji na asimame kidogo hapa. Maneno mawili tunayoyatamka kila siku sokoni, pesa lililotoka Bara Hindi na hela lililotoka kwa Wadachi, yamo katika stempu hizi kwa mfuatano wake, na mtu anaweza kumwekea mjukuu wake kidole juu ya karatasi ndogo kuliko ukucha wa gumba na kumwambia: hapa ndipo hela ilipotufikia.

Korogwe ilikuwa na bahati ya reli. Reli ya Usambara ilianzwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, kisha ikapanda polepole hadi kufika Moshi mwaka 1911. Na kila palipofika reli barua zilikwenda upesi zaidi na kuchakaa kidogo zaidi. Handeni haikujaliwa hivyo, na kwa miaka mingi barua zake zilitembea kwa miguu ya wanadamu. Mzee mmoja wa Kizigua, ambaye sasa ni marehemu, alinisimulia barazani kwake kwamba babu yake alikuwa tarishi wa mfuko wa barua, na nilipomwuliza kama babu huyo alijua kusoma alicheka kwa upole akaniambia: "Mwanangu, hakujua hata herufi moja, ila alijua kwamba mfuko ukilowa mtoni, atakayepigwa ni yeye." Tangu niyasikie maneno hayo, kila nionapo bahasha ya zama zile yenye alama ya maji pembeni, siioni kuwa na ila.

Na hapa ndipo ninapoachana kidogo na wenzetu wa ng'ambo. Wamarekani, ambao ni wakusanyaji hodari kabisa, walipata stempu zao za kwanza za taifa zima tarehe 1 Julai 1847, ya senti 5 yenye sura ya Benjamin Franklin na ya senti 10 yenye sura ya George Washington. Na kwa kuwa stempu zile hazikuwa na meno, karani alizikata kwa mkasi kutoka katika karatasi kubwa, na mkono ukitetereka kidogo mkasi uliingia ndani ya picha. Ndiyo maana kipimo chao cha kwanza kikawa ukingo: stempu ya 1847 iliyobaki na ukingo mweupe ulio mpana pande zote nne ni johari, na iliyokatwa upande mmoja, hata ikiwa na rangi nzuri namna gani, hushuka bei mno. Meno yalianza kutumika kwao mwaka 1857, na hapo kipimo kikahamia katika swali la iwapo picha imekaa katikati sawasawa. Na siku hizi wamefika hata kuzipa stempu alama kwa tarakimu, mia ikiwa ndiyo kamili, kama mwalimu anavyosahihisha mtihani. Mizani hiyo naiheshimu, na anayekusanya za Marekani asiitupe. Lakini stempu za kwetu zilichapwa kwa mitambo ya serikali huko Berlin, na nyingi zimekaa katikati vya kutosha. Kilichozitenga njema na mbaya si mkasi wa karani, ni masika ya Bonde la Pangani, na jua, na mikono ya watu waliotaka kuzirembesha. Mwenye kuzipima kwa ukingo peke yake ni sawa na mtu anayenunua ng'ombe kwa kumtazama pembe.

Mimi huanza na mgongo. Mwuzaji daima hukuonyesha uso, kwa kuwa uso ndio unaopendeza, nawe mwombe kwa adabu uigeuze kwa kibano, si kwa vidole, maana jasho la kidole ni mafuta na chumvi, na yote mawili huiacha karatasi na doa ambalo hulioni leo ila utaliona baada ya miaka mitano. Igeuze na uiinamishe mbele ya dirisha, mwanga uipitie kwa mshazari. Mahali palipokunjwa pataonyesha mstari, hata kama pamepigwa pasi. Na mahali palipochubuka, aghalabu pale kilipong'olewa kibandiko cha albamu kwa pupa, patakuwa pamepungua unene na kuonekana kama wingu jembamba. Mwanga ukikukatalia, ilaze kifudifudi katika kisahani cheusi na uidondoshee matone machache ya benzini, mbali na moto na mbali na sigara, na kwa dakika chache kila chubuko na kila kiraka vitaonekana vyeusi kuliko sehemu nyingine. Kisha benzini itaruka na stempu itabaki kama ilivyokuwa. Katika kisahani hicho hicho utaona jambo la pili lenye thamani kubwa: zile za heller za chapa ya kwanza hazina alama ya maji, na zilizochapwa baadaye zina alama ya misambamba midogo iliyotapakaa ndani ya karatasi. Kwa uso ni ndugu pacha. Nimeona watu wakiuza moja kwa bei ya nyingine, wengine kwa kutojua na wengine kwa kujua sana.

Kuhusu gundi nitasema machache, kwa sababu wakusanyaji wa nchi za baridi wameifanyia ibada, na sisi hatuna haja ya kuwafuata. Stempu isiyotumika iliyokaa katika nchi yetu kwa miaka mia moja na bado ina gundi laini, nyororo, inayong'aa sawasawa toka ukingo hadi ukingo, yataka kuulizwa ilikuwa wapi siku zote hizo. Ikiwa ilirudi Ulaya mapema, vema. Ikiwa mwuzaji anadai kuwa haikuondoka Korogwe, basi itazame ncha za meno kwa lenzi. Stempu halali hupakwa gundi kwanza na kutobolewa baadaye, hata nyuzi za karatasi katika ncha za meno huwa laini na kavu kama sufi. Iliyopakwa gundi upya gundi yake imeingia katika zile nyuzi na kuzifanya ngumu, na ukizigusa taratibu kwa karatasi nyembamba utazisikia zikikwaruza. Stempu isiyo na gundi kabisa ni mkweli aliyevua joho. Iliyovishwa gundi ya uwongo ni tapeli, na bei yake iwe ya tapeli.

Meno nayo yana habari zake. Kwa stempu ndogo za jahazi kipimo ni 14 kwa sentimita mbili, na mkusanyaji hana budi kuwa na kipimio, ambacho ni kipande cha kadi kilichochapwa nukta tu; lakini jicho lililozoea hutambua haraka zaidi upande uliotobolewa upya, kwani meno yake huwa na usawa usio wa kawaida, yamesimama kama meno ya msumeno mpya, ilhali pande tatu nyingine zina uchovu wa kweli. Jino moja fupi ni ila ndogo nami huisamehe. Pembe iliyokosekana siisamehe, isipokuwa kwa stempu iliyo nadra sana.

Rangi usiihukumu usiku wala chini ya taa. Ihukumu asubuhi, kivulini, baraza ikiwa imeelekea kaskazini au kusini, ukiwa na stempu nyingine ya aina ile ile uliyokwisha kuihakikisha ili ziwe ubavu kwa ubavu. Nyekundu ya heller saba na nusu ikipigwa na jua hupauka na kuwa kama tofali lililochakaa, na hakuna dawa ya kuirudisha. Stempu za rupia zina jambo jingine la kufurahisha: zile ndogo zilichapwa kwa bamba lililoinuliwa, na wino wake umelala bapa juu ya karatasi, bali hizi kubwa zilichapwa kwa bamba lililochongwa, hata wino umesimama juu ya karatasi kama makovu ya chale, na ukiziinamisha kwenye mwanga utaona kamba za jahazi zikitupa vivuli vyembamba. Ya bandia iliyopigwa picha haina vivuli hivyo. Huhitaji mtaalamu wa Ulaya kukuthibitishia. Unahitaji dirisha na utulivu.

Sasa nifike penye moyo wa jambo, nao ni muhuri. Stempu ya jahazi isiyotumika yaweza kupatikana leo mnadani Ulaya kwa bei ambayo mwalimu wa sekondari anaweza kuimudu, kwa kuwa zilihifadhiwa nyingi. Lakini stempu hiyo hiyo ikiwa imepigwa muhuri wa posta ndogo ya bara, muhuri unaosomeka, jina lote na tarehe yote, hiyo ni mali ya namna nyingine. Na kwa kuwa ni mali, wametokea waovu wanaochukua stempu rahisi na kuipiga muhuri wa kughushi. Ujilinde kwa mambo haya. Tazama tarehe kabla ya kutazama jina: stempu ya heller yenye muhuri wa mwaka 1903 imejishitaki yenyewe, kwani heller haikuwapo katika stempu kabla ya 1905. Tazama wino: wa kweli umeingia katika karatasi na kuwa na mvi kidogo, na pale ulipopita juu ya rangi ya stempu umechukua wekundu au ubuluu wa chini yake, wa uwongo umekaa juu, mweusi mno, na kingo zake ni kali kama zimekatwa kwa wembe. Tazama herufi: tahajia za Wadachi zilikuwa na desturi zake, wakaandika Muhesa kwa s na Moschi kwa sch, na mwenye kughushi ambaye amezoea ramani za leo mara nyingi husahau. Kisha tazama namna muhuri ulivyoangukia. Karani wa posta alikuwa na mfuko unaongoja garimoshi. Alipiga upesi, mara nyingi muhuri ukaangukia nusu juu ya stempu na nusu juu ya bahasha. Muhuri uliokaa katikati ya stempu kama nyota katika bendera, wote ukiwemo, unapendeza sana, na ndio unaotafutwa kuliko wote, na kwa ajili hiyo hiyo ndio unaopaswa kushukiwa kuliko wote. Sisemi usiununue. Nasema usiununue siku ya kwanza uliyoonyeshwa.

Hapo ndipo msomaji atafahamu kwa nini nilinyamaza mbele ya lile daftari la kijana. Herufi nne za mwisho wa Korogwe, juu ya karatasi iliyosuguliwa kwa sabuni, zilikuwa nusu ya neno. Nusu nyingine ilikuwa juu ya bahasha.

Kuna stempu moja ambayo mtu wa Bonde hili asipoijua ni aibu, nayo ni ile ya Vuga, ambayo Wadachi waliandika Wuga. Vuga ni kiti cha kale cha Wakilindi, pale ambapo ukoo wa Mbegha, aliyetoka milima ya Nguu upande wa Handeni kama anavyosimulia Abdallah bin Hemedi katika kitabu chake cha Habari za Wakilindi, ulitawala Usambara. Na katika zama za Wadachi wamisionari walikuwa na kiwanda kidogo cha chapa huko. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoikata nchi na bahari, na stempu kutoka Berlin zikakoma kuja, serikali ya koloni iliagiza mwanzoni mwa mwaka 1916 zichapwe stempu hapo Vuga, za heller 2½, za heller 7½ na za rupia 1. Zikachapwa kwa herufi za kupanga, kama zipangwavyo kurasa za kitabu cha sala. Lakini kabla hazijatumika, meli iitwayo Marie ilivunja uzio wa manowari za Waingereza ikatia nanga katika ghuba ya Sudi, kusini, mwezi wa Machi mwaka ule, na pamoja na silaha ilikuwa imebeba stempu mpya. Hivyo zile za Vuga hazikuuzwa posta hata siku moja. Majeshi ya Waingereza yalipokaribia, zilifukiwa ardhini upande wa Morogoro zisitekwe, na baada ya vita zikafukuliwa, zikapelekwa Ujerumani na kuuzwa.

Fikiri, basi, mkusanyaji, ni kipimo gani kinachofaa kwa stempu iliyochapwa na mtambo wa misheni mlimani, ikafukiwa katika udongo wa nchi ya joto, ikalala humo miaka. Ardhi ina unyevu, na unyevu uliacha madoa na kuila gundi. Katika stempu hizi doa la hudhurungi ni kama kovu la askari. Na ile iliyo nyeupe, safi, yenye gundi kamili, yaweza kuwa ya kweli, kwani si zote zilizopata madhara sawa, ila ndiyo inayotaka ithibati kubwa zaidi. Na ukionyeshwa ya Vuga yenye muhuri wa posta, ondoka. Stempu ambayo haikuuzwa posta haiwezi kuwa imesafirisha barua, na aliyeipiga muhuri ule ameongeza uwongo juu ya kitu ambacho hakikuhitaji kuongezwa chochote.

Zilizofuata vita nitazipitia kwa haraka. Waingereza walipiga herufi G.E.A. juu ya stempu za Afrika Mashariki na Uganda zenye sura ya Mfalme George wa Tano, kutoka senti hadi rupia 50, na hapa kazi yako ni kuzitazama herufi zile tatu kwa lenzi, maana pale stempu isiyo na herufi inapokuwa rahisi kuliko yenye herufi, mwenye mtambo mdogo wa chapa hashindwi kuzipiga; zile za rupia, fauka ya hayo, zimechapwa juu ya karatasi iliyopakwa chaki, ambayo rangi yake hukimbia ikiguswa na maji, na moja iliyooshwa hutambulikana kwa uso wake uliofifia kama kanga iliyofuliwa mara mia. Kisha mwaka 1922 zikaja zile za twiga, zilizochapwa na kampuni ya Bradbury Wilkinson ya Uingereza, za kwanza kubeba jina la Tanganyika, na kwa maoni yangu hakuna stempu ya nchi hii iliyozishinda kwa heshima ya sura mpaka leo. Hizi ndogo zake za senti zimo katika masanduku mengi ya Handeni na Korogwe, na muhuri wa Handeni juu ya twiga, ukiwa umesomeka, mimi siupiti bila ya kuununua.

Bali juu ya ile ya pauni moja nina neno la uchungu. Nilipokuwa kijana niliinunua moja katika duka la mji mmoja mkubwa, ambalo silitaji, kwa fedha nilizokuwa nimeweka akiba miezi minane, ikiwa safi kabisa, isiyo na muhuri, na mwuzaji akaniapia kuwa haikutumika. Pauni moja ilikuwa shilingi ishirini, na hakuna barua ya kawaida iliyohitaji ushuru kama huo. Stempu za thamani kubwa namna ile mara nyingi zilibandikwa juu ya hati za mikataba na kufutwa kwa kalamu ya wino, na wajanja waligundua kwamba wino huo waweza kuondolewa kwa dawa. Miaka ilipita, na masika moja, hewa ilipokuwa nzito kwa unyevu, nikafungua albamu nikakuta juu ya shingo ya twiga mstari wa rangi ya majani makavu, umerudi wenyewe: saini ya karani, iliyofichwa, sasa inasomeka nusu. Ninayo mpaka leo na siiuzi. Naionyesha kwa vijana ili wajue kwamba stempu ya pauni isiyo na muhuri huinamishwa mwangani mara tatu kabla ya kulipiwa, na kwamba palipopita dawa karatasi huwa nyeupe mno na uso wake hupoteza ule mng'ao wa asili.

Nimeulizwa mara nyingi ni ila zipi za kusamehe. Kutu ya karatasi, yale madoadoa ya rangi ya tangawizi yanayoanzia katika ncha za meno, ndiyo maradhi ya bonde letu, na huku chini, penye mto na mashamba ya mkonge na joto lisilopumzika, ni vigumu kupata stempu ya zamani isiyoguswa nayo. Upande wa Handeni, penye ukavu zaidi, nimeziona zikiwa na afya nzuri kuliko za Korogwe, ingawa huko mchwa hulipiza kisasi. Kutu ikiwa ndogo na haijafika usoni, mimi huisamehe kwa stempu yenye muhuri mzuri, nikaitenga na nyingine, kwa kuwa huambukiza. Ikiwa imeenea usoni, naiacha. Kuisafisha kwa dawa sikubali kamwe: dawa inayoondoa kutu huondoa na nguvu ya karatasi, na stempu iliyopona kwa namna hiyo huvunjika kama jani baada ya muongo mmoja. Ziweke katika sanduku la bati linalofunga, karatasi ya nta katikati ya kila ukurasa, na mfuko mdogo wa kitambaa wenye mchele uliokaangwa bila mafuta, ubadilishwe kila mwezi wakati wa masika. Na wakati wa kiangazi fungua sanduku asubuhi kavu, zipate hewa saa moja, kisha ufunge. Plastiki laini zinazonata uziepuke. Huko Ulaya huharibu polepole. Kwetu huharibu kwa mwaka mmoja.

Na juu ya stempu zote, weka bahasha. Stempu moja yenye doa, jino moja likiwa fupi, iliyobaki juu ya bahasha yake, ikiwa na muhuri mzima wa Korogwe upande wa mbele na muhuri wa mji ilikofikia upande wa nyuma, na jina la mpelekewa kwa khati ya mkono, kwangu ina thamani kuliko stempu kumi safi zilizobanduliwa, kwa sababu inaonyesha ilitoka wapi, lini, kwa ushuru gani na kwa njia ipi, na kila kimoja kati ya hivyo kinakishuhudia kingine. Mwenye kughushi anaweza kuipata stempu, anaweza kuuiga muhuri. Lakini kuvipatanisha karatasi, wino wa mwandishi, ushuru, tarehe na njia, vyote pamoja visipingane, ni kazi inayowashinda wengi. Bahasha ni ithibati inayotembea na mali yake.

Kwa hiyo nawaomba, enyi wa Korogwe, wa Handeni, wa Kilindi na wa Usambara, ambao katika dari zenu na chini ya vitanda vya bibi zenu mna masanduku ya bati yenye barua za baba wa baba zenu, waliokuwa makarani wa mashamba ya mkonge, walimu wa misheni, askari na wafanyabiashara: msizibandue, msizioshe, msizikate pembe, wala msizipige pasi. Zitoeni mahali penye unyevu, mzifunike kwa karatasi safi, na zibaki kama mlivyozikuta, hata zikiwa chakavu, mpaka apatikane mtu wa kuzisoma.